Alichoambiwa Zuena Kule Nshamba

Hebu niambie wewe unayenisikiliza: kama unajua jambo la baba wa mchumba wako, jambo ambalo mchumba mwenyewe halijui, na uliahidi kutolisema, kisha ukaambiwa liseme ndipo uolewe, ungefanya nini? Usinijibu haraka. Mimi nilikuwepo siku mjukuu wangu Zuena alipoulizwa. Nilikaa karibu naye kiasi cha kusikia tumbo lake likinguruma, maana hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Na mpaka leo sijui kama mimi ningeweza.

Ilikuwa Jumamosi, hapa nyumbani kwangu Kibeta. Mvua ilinyesha alfajiri ikakatika, migomba ikabaki inadondosha maji tone moja moja. Zuena na mimi tulikuwa jiko la nyuma tunamenya ndizi. Alikuwa anakata maganda mazito, ndizi inabaki nyembamba kama kidole cha mtoto.

"Zuena, unamenya au unachonga?" nikamuuliza.

"Nisamehe, Bibi."

"Ndizi ndiyo ya kuombwa msamaha, si mimi."

Hakucheka. Zuena kutocheka si jambo dogo. Ni mtoto wa marehemu mwanangu mkubwa, nimemlea tangu hajaota meno ya utu uzima, na kicheko chake kilikuwa kinafika kwa jirani. Siku aliponiambia, "Bibi, nakwenda chuo kikuu kusomea uhalifu," nilishika kifua nikamuuliza, "Mjukuu wangu, kwani hapa mjini hakuna wanaoufanya bila kuusomea?" Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akanieleza vizuri, kwa uvumilivu, kama ananifundisha kufunga kamba za viatu.

"Nasoma kwa nini mtu anafanya kosa, Bibi. Na kwa nini mmoja akitoka kifungoni analirudia, na mwingine halirudii."

"Ukimaliza unakuwa polisi?"

"Wapo wanaokwenda polisi, kwenye upelelezi. Wengine Magereza. Wengine wanaajiriwa na benki kukamata matapeli wa kwenye simu. Wengine wanakuwa maofisa wa probesheni. Mtu akihukumiwa kutumikia adhabu yake akiwa nyumbani, wao ndio wanaomsimamia mpaka amalize. Wengine wanabaki chuoni wanafundisha."

"Na wewe?"

"Mimi nitaona."

Hiyo nitaona yake nilikuwa naijua. Tangu utoto, kitu alichokitaka sana ndicho ambacho hakukiomba. Alikuwa anakizunguka siku nzima kama kuku anayezunguka mlango wa stoo, mpaka mtu mwingine aseme kwa niaba yake.

Mwaka wake wa mwisho alikwenda Muleba kufanya utafiti. Alitafuta wanaume waliorudi kutoka gerezani, akakaa nao mmoja mmoja, akawasikiliza: wa Buganguzi wawili, wa Nshamba watatu. Mmoja wa hao wa Nshamba alikuwa Mzee Najibu. Na Mzee Najibu alikuwa na kijana, Burhani, fundi wa mashine ya kukoboa kahawa. Siku ya kwanza Burhani alimletea Zuena kiti cha kukalia. Kiti kilikuwa na vumbi, kitambaa hakikuwepo, basi akavuta pindo la shati lake akakifuta nalo, mbele, nyuma, na kwenye miguu yote minne. Zuena alinisimulia habari ya miguu ile minne mara tatu kwa jioni moja. Nikajua.

Sasa sikiliza kosa letu, maana kosa lilikuwa letu.

Kwetu barua ya posa haijibiwi papo hapo. Kwanza upande wa binti unatuma watu wawili wenye macho na subira waende kijijini kwa kijana. Watapita kama wanatafuta mbegu za maharage. Watakaribishwa kwa jirani, watatafuna akamwani, ile kahawa yetu kavu ya kumpa mgeni, na watauliza kidogo kidogo. Nyumba ile wanaishije? Kuna ugonjwa? Kuna mtu aliyewahi kufanya jambo? Mimi mwenyewe nilichunguzwa hivyo; mwanamke aliyekuja kwetu kununua mkeka hakuwa na haja ya mkeka.

Safari hii hatukutuma mtu. Barua ya kina Burhani ilipofika, mwanangu Hussein, baba mdogo wa Zuena, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, alicheka akainua mikono.

"Tumtume nani tena, Mae?" akaniambia mimi mama yake. "Humu ndani tunaye mpelelezi mwenye digrii! Kungekuwa na kitu Nshamba, Zuena angeshakinusa."

Binti yangu Shadya akaunga mkono, akasema barabara ina matope na viatu vyake ni vipya. Nami nilikuwepo, sikusema neno. Zuena alikuwa jikoni anachemsha chai. Hakuna aliyesimama akaenda kumuuliza.

Basi tukaitikia. Tukapokea mbuzi, majembe mawili, vitenge vya Shadya, na kanzu ya Hussein, nyeupe, kitambaa kizito, nakshi ya uzi wa maziwa shingoni. Hussein akaivaa Ijumaa iliyofuata, wiki moja kabla ya siku hii. Baada ya swala mzee mmoja mwenyeji wa Muleba akamshika bega nje ya msikiti, watu wakiwa wanavaa viatu.

"Nasikia umevikwa na Najibu wa Nshamba," akamwambia. "Yule aliyefungwa miaka minne kwa kahawa ya watu?"

Hussein alirudi nyumbani kanzu ameikunja kwapani, amebaki na fulana na suruali, na manyunyu yanamnyeshea.

Ndiyo sababu Jumamosi hii Mzee Najibu na mwanawe waliitwa. Waje wachukue vitu vyao. Na Jumatatu Zuena alitakiwa kujibu barua ya benki moja ya Dar es Salaam iliyokuwa inamtaka katika kitengo chake cha kukamata matapeli. Kulikuwa na barua nyingine, ya shirika dogo la Muleba linalowashika mkono waliotoka gerezani. Hiyo Hussein aliisoma mara moja akaiweka chini ya redio.

*

Saa nne Burhani akatokea nyuma ya nyumba, peke yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umewahi mno, mkeo hata mafuta sijapaka."

Siku nyingine angenijibu kuwa mimi sihitaji mafuta. Siku hiyo alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo tu. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, lakini kifungo cha pili amekifunga kwenye tundu la tatu.

Zuena hakuinua kichwa. Ila kisu kilisimama katikati ya ndizi.

"Zuena."

"Burhani."

"Hupokei simu zangu."

"Nilijua utakachouliza."

"Basi nijibu."

Nikashika sufuria niondoke, Zuena akasema, "Bibi, kaa." Nikakaa. Nikaendelea kumenya polepole, kisu kisitoe sauti.

"Baba yako mdogo amemwambia mshenga wetu," Burhani akasema, "kwamba kama baba alifungwa kwa kuonewa, atasahau yote. Anataka kulisikia kwako. Kwa sababu wewe ulikaa na baba siku tatu, ukamsikiliza mwanzo mpaka mwisho."

"Najua amesema hivyo."

"Basi sema! Sema alionewa, leo tumalize!"

Zuena akaweka kisu chini. "Burhani, kabla baba yako hajafungua mdomo nilimsomea karatasi. Nilimwambia atakachoniambia hakitatoka kwangu na jina lake. Si kwa polisi, si kwa jirani, si kwa ndugu. Akatia sahihi, nami nikatia yangu chini ya ile yake."

"Mimi si jirani. Mimi ni mwanawe."

"Nimesema na ndugu pia."

"Kwa hiyo karatasi imekuwa kubwa kuliko mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi?" Akachutama mbele yake, akafungua mdomo, akamwonyesha. "Unaliona pengo hili? Darasa la saba. Mtoto mmoja alisema baba yangu ni mwizi. Nikampiga ngumi, naye akanipiga jiwe. Nimetembea na pengo hili miaka yote nikijua nimelipata kwa haki. Lakini baba hajawahi kuniambia lolote, Zuena! Tangu atoke, miaka kumi, tunakula sahani moja, hajaniambia lolote. Unakuja wewe na kalamu, siku tatu, anakupa yote."

"Muulize yeye."

"Nakuuliza wewe! Nitazame. Alifanya au hakufanya?"

Zuena akamtazama. Nami nikawatazama wote wawili. Nimeona watu wanaopendana, nimezika mume niliyempenda, lakini sijaona msichana anamtazama kijana namna ile, macho yamejaa, mdomo umefungwa, na vidole vyake vimeshika pindo la kanga mpaka vikawa vyeupe.

"Ningeweza kukwambia unachotaka kusikia," akasema taratibu. "Mwezi ujao tungekula pilau. Lakini nikilitoa la baba yako leo kwa sababu nakupenda, kesho nitalitoa la mwingine kwa sababu namwogopa mtu, au kwa sababu nimelipwa. Kuna mzee wa Buganguzi aliniambia lake analia, hata mkewe halijui. Yule nitakutana naye na uso gani?"

Burhani akasimama.

"Basi nenda ukawapende hao wa Buganguzi," akasema. Akazunguka nyumba, akaenda kukaa kwenye ngazi za mbele kumngoja baba yake.

Zuena akachukua kisu, akachukua ndizi, akaishika tu.

Nikasogeza kigoda changu. "Mjukuu wangu," nikamnong'oneza, "sema tu alionewa. Neno moja. Mungu anajua moyo wako, atakusamehe."

Akanigeukia. "Bibi, na wewe?"

Nikainama, nikaanza kuokota maganda yaliyoanguka.

*

Baada ya Adhuhuri tukakaa sebuleni. Mzee Najibu alifika na basi la Muleba, mtu mfupi, kofia safi, shati amelifunga mpaka kooni. Viatu vyake vilikuwa vimepigwa brashi juu, lakini pembeni vina udongo mwekundu ambao hautoki. Alitusalimia kila mmoja kwa zamu yake, hata Zuena aliyekuwa amekaa mkekani karibu nami. Burhani akakaa karibu na mlango, hakumtazama mtu.

Nikapitisha kikapu cha akamwani. Mzee Najibu akachukua punje moja. Kikapu kikafika kwa Hussein, na Hussein akakipitisha kwa Shadya bila kutia mkono. Sote tuliona. Mzee Najibu aliibakiza punje yake kiganjani, hakuitia mdomoni.

"Mzee Najibu," Hussein akaanza, "sina ugomvi nawe. Mbuzi yuko nyuma, majembe ndiyo yale pale, kanzu imefuliwa."

"Vitenge vyangu mimi nimeshavikata," Shadya akasema. "Na kimoja nimekishona."

"Shadya!"

"Nasema tu wajue, wasije wakadhani nimekificha."

"Nyamaza basi." Hussein akajifuta uso. "Lakini kabla ya kurudisha, namuuliza mwanangu mara ya mwisho, mbele ya wenyewe. Zuena. Huyu mzee alionewa, au alifanya?"

"Sitasema, Baba mdogo."

"Chuo kilikufundisha kutuficha sisi?"

"Kilinifundisha kwamba mtu akinifungulia mlango wake nisitoke na vitu vyake."

"Na sisi je? Sisi tulikuamini! Tuliacha kutuma watu Nshamba kwa ajili yako. Nimeingia msikitini na kanzu ya watu, nimetoka nachekwa!"

"Hamkuniuliza." Zuena akasogea mbele mkekani. "Mlisema nyumba ina mpelelezi. Nilikuwa jikoni, niliwasikia mkicheka. Sikusomea kuwachunguza watu ili nikawaseme kwa ndugu zangu."

"Ulisomea nini basi? Kuwatunzia siri? Jumatatu unawajibu benki, unakwenda Dar es Salaam. Huko utakaa ofisini, utawakamata hao hao kwa mshahara, na watu watajua umesoma. Hapa utabaki unabembeleza wezi!"

Lile neno liliangukia katikati ya chumba. Burhani akasimama, kiti chake kikagonga ukuta.

"Mzee Hussein, kwa heshima zote. Baba yangu si mwizi."

"Kaa, mwanangu," Mzee Najibu akasema.

"Sikai! Zuena, waambie. Mbele yao hawa. Mara ya mwisho, waambie!"

Zuena akabana midomo. Machozi yakamshuka mashavu yote mawili mpaka kidevuni, hakuyafuta. Nikaweka mkono mgongoni kwake, nikausikia moyo wake unavyokwenda.

"Hunipendi," Burhani akasema polepole. "Ungenipenda usingeniacha nisimame hivi."

"Burhani." Mzee Najibu hakupaza sauti. "Kaa chini. Usimtese mtoto wa watu. Anachokificha ni changu."

Burhani akageuka kumtazama baba yake. Hakukaa.

"Nilichukua," Mzee Najibu akasema.

Nje mbuzi akalia, akanyamaza.

"Nilikuwa mtunza ghala wa chama chetu kidogo cha wakulima. Funguo zilikuwa zangu. Nilitoa magunia kumi na moja. Nilikamatwa kwa haki, nikafungwa kwa haki."

"Labda mke alikuwa mgonjwa," Shadya akasema, kama anamwomba.

"Hapana, waitu, mama yangu. Watu wa kwetu wameniwekea sababu nyingi, mgonjwa, karo, nami nikawaacha waziweke. Hakukuwa na mgonjwa. Watoto walikuwa wanashiba. Nilitaka pikipiki." Akaitazama ile punje ya kahawa kiganjani. "Kila niliyemjua alikuwa nayo, na mimi mwenye funguo natembea kwa miguu. Ni hilo tu. Gunia moja lilikuwa la mjane jirani yangu. Niliporudi, kila asubuhi nilimwamkia. Hakuniitikia mpaka anakufa."

"Baba," Burhani akasema.

"Ngoja nimalize, nikikatisha sitaweza tena. Siku niliyotoka ulikuja kunipokea stendi ya Muleba. Ulikuwa na miaka kumi na saba, umenipita urefu. Nilikuwa nimejipanga njia nzima nitakavyokwambia. Ukanikumbatia, ukaniambia sikioni, baba, mimi najua hukufanya. Mbele ya watu wote. Ukanionyesha pengo. Nikakosa mdomo wa kukunyang'anya lile. Nikasema kesho. Kesho imekuwa miaka kumi."

Akamgeukia Hussein.

"Huyu binti, mzee mwenzangu, ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza ilikuwaje kulala kwangu usiku wa kwanza niliporudi. Nilipomaliza yote akaniambia, mzee, sehemu ya mwisho si yangu, ni ya mwanao, siku ukiweza umpe. Hakunisukuma tena. Nami nikawa nasogeza siku, nasogeza, mpaka nimemfikisha hapa anatukanwa kwa ajili yangu. Mnisamehe. Vile vitu mkitaka kuvirudisha, nitavibeba. Kijana wangu hajawahi kugusa cha mtu. Mimi ndiye niliyegusa."

Burhani akatoka nje. Hakupiga mlango. Aliufungua, akatoka, akauacha wazi.

Hussein alikuwa amepata alichokuwa anakitaka wiki nzima, na sikuona furaha usoni kwake. Alisugua magoti yake. Akakohoa.

"Umesema kiume, Mzee Najibu," akasema mwishoni. "Mimi nisingeweza, hilo nakiri. Lakini sasa limeonekana. Siwezi kusema sijasikia." Akamtazama Zuena, sauti imeshuka. "Mwanangu, pole. Kweli nakupa pole. Jumatatu utawajibu benki. Muda utapita, utasahau."

Zuena akainuka. Kanga ilimwanguka begani, akaiacha mkekani.

"Unakwenda wapi?"

Alipofika mlangoni, Burhani alikuwa anaingia. Wakasimama hapo hapo kizingitini, mmoja ndani, mmoja nje, macho ya Burhani mekundu.

"Ulijua," akamwambia.

"Nilijua."

"Ile harusi tuliyokwenda Buganguzi. Nilikwambia mbele ya rafiki zangu kwamba baba yangu ameonewa na walimwengu. Ulijua."

"Nilijua."

"Ukanishika mkono."

"Ndiyo."

"Kwa nini? Ulikuwa unanihurumia? Au na mimi nilikuwa utafiti? Mtoto wa mfungwa, anakulaje, anasemaje, anajidanganyaje, ukifika kwako unaandika?"

"Subhanallah," Shadya akasema chini chini.

Nilimwona Zuena ameshtuka, kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha, kwa mara ya kwanza wiki ile, akakasirika.

"Utafiti wangu uliisha mwezi wa tatu," akasema. "Karatasi zote nilizikabidhi. Mwezi wa nne nikaja Nshamba nikasema nimesahau mwavuli. Sina mwavuli mimi, Burhani. Sijawahi kuwa na mwavuli! Mwezi wa tano nikasema nataka kuona mashine inavyokoboa. Mashine ile inapiga kelele, na vumbi lake linaniwasha kifua. Nani mwenye akili anataka kuiona mara nne?"

Mzee Najibu akatoa sauti puani. Sijui kama ilikuwa kicheko au kilio.

"Nilikuja kukuona wewe. Umejaa maganda ya kahawa mpaka kwenye nyusi. Unapima gunia la bibi kizee mara mbili mbele yake, kwa sababu wewe ni mtoto wa Najibu na unajua anaogopa, na hukasiriki, unalipima tena. Hilo sikuliandika popote. Hilo nililichukua nikaja nalo nyumbani, nikakaa nalo."

Burhani akajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Na siku ile nilikushika mkono kwa sababu ulikuwa karibu," Zuena akasema, "nami nilikuwa natafuta sababu tangu asubuhi."

"Zuena!" Hussein alikuwa amesimama. "Rudi ukae. Mambo haya yanasemwa na wakubwa."

"Wakubwa wamesema, Baba mdogo. Shangazi amesema, wewe umesema, hata Mzee Najibu amesema lililomkaa miaka kumi. Mimi sijasema. Mimi tangu nizaliwe nangoja mtu anisemee."

Akapumua. Niliona mabega yake yanapanda na kushuka.

"Benki siitaki. Nataka ile kazi ya Muleba, ya kukaa na watu wanaorudi kwao wakaogopa kupiga hodi. Hao ndio niliowasomea. Nataka kuishi Nshamba, na kumwita huyu mzee baba, na akinyamaza nimwachie anyamaze." Kisha akamgeukia baba yake mdogo, macho ameyainua, hakuyainamisha kama tulivyomfundisha. Mkono wake ukamshika Burhani kifundo cha mkono, mbele yetu sote. "Na huyu, akiwa na hasira zake hizi hizi alizonazo leo, huyu ndiye ninayemtaka."